Kibali Mkononi mwa Bosi: Utangulizi wa Elimu ya Uhamiaji wa Muda na Kazi ya Shuruti

Takriban kila mwanafunzi anayeanza somo hili huja na swali lilelile. Amesoma ushuhuda wa mwanamke aliyefanya kazi za ndani Muscat au Riyadh, akiamka kabla ya alfajiri na kulala usiku wa manane, mshahara wa miezi haujalipwa, simu imefichwa, pasipoti iko kabatini kwa bosi. Anauliza: kwa nini hakuondoka? Mlango si ulikuwepo? Ni swali la haki, halina ukatili ndani yake. Uwanja huu wa elimu, unaokutanisha wanasheria, wanahistoria, wanasosholojia na watu wa vyama vya wafanyakazi, umetumia miongo kadhaa kulitafutia jibu. Kwa ufupi, mlango ulikuwepo, lakini hatua ya kwanza nje yake ingemfanya yeye awe mvunja sheria, na bosi asiyelipa angebaki kuwa mwenyeji mwema aliyetorokewa na mfanyakazi.

Jibu refu ndilo somo lenyewe, nami ninakukaribisha ndani yake.

Tuanze na sheria. Mkataba Namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, ulipitishwa mwaka 1930, wakati sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa chini ya serikali za kikoloni zilizojenga barabara na reli kwa mikono ya watu wasioulizwa. Mkataba huo unaitambua kazi ya shuruti kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja: mtu anaifanya kwa kutishiwa adhabu, na hakujitoa kwa hiari yake. Tanganyika iliuridhia mwaka 1962 na Kenya mwaka 1964. Kwa miaka mingi wasomaji wa mkataba huu walipofikiria adhabu walifikiria kiboko, jela na njaa. Leo wataalamu wa ILO wanakubali kwamba tishio la kumshtaki mtu kwa maofisa wa uhamiaji ili arudishwe kwao nalo ni tishio la adhabu. Badiliko hilo linaonekana dogo, lakini ndilo lililoufungua uwanja huu. Likikubalika, inabidi tuulize ni nani amempa mwajiri uwezo wa kutoa tishio hilo. Mwajiri hana polisi wala mipaka. Uwezo huo ameazimwa na dola.

Makadirio ya kimataifa yaliyotolewa mwaka 2022 na ILO, Walk Free na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji yanasema kwamba kwa siku yoyote ya mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi ya shuruti. Kwa mfanyakazi mhamiaji mtu mzima, uwezekano wa kuwa miongoni mwao ulikuwa zaidi ya mara tatu ya ule wa mtu mzima asiye mhamiaji. Nakuomba uzipokee namba hizi kwa heshima na kwa tahadhari. Zimetokana na dodoso na hesabu za kitakwimu, na watu tunaowazungumzia ni wale ambao mhoji hapati nafasi ya kuwagongea mlango. Hata hivyo uwiano huo wa mara tatu unahitaji maelezo, na maelezo ya kusema tu kwamba wahamiaji ni maskini hayatoshi. Maskini wasio wahamiaji wako kila nchi, lakini hawaogopi kufukuzwa nchini mwao kwa kuacha kazi.

Kosa la kawaida la wanaoanza ni kudhani kwamba waathirika wengi waliingizwa nchi za watu kwa siri, ndani ya malori au majahazi, na wahalifu. Wako wa aina hiyo. Lakini wanawake wengi wa Tanga, Kilifi, Unguja au Mukono waliokwenda Ghuba walipita uwanja wa ndege mchana kweupe, wakiwa na viza, mkataba na cheti cha daktari. Kila hatua ilikuwa halali. Ndiyo maana naona neno “magendo ya binadamu”, pamoja na uzito wake, hutupeleka mara nyingi kumtafuta jambazi pale ambapo tungepaswa kusoma kanuni za viza.

Hebu tuufuate mfumo wa kafala hatua kwa hatua, maana ndio unaowagusa Waswahili kwa karibu kuliko wote. Mfanyakazi wa kigeni katika Saudia, Omani, Kuwait, na hata Lebanoni na Jordani, huingia kwa udhamini wa mtu mmoja, kafili. Kafili ndiye anayemwombea kibali cha kuingia, ndiye anayeshughulikia kibali chake cha ukaazi ambacho wengi wetu tunakijua kwa jina la iqama, na kwa muda mrefu ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho kama mfanyakazi ahamie kazi nyingine au la. Katika baadhi ya nchi hata kuondoka kurudi kwao kulihitaji idhini yake. Kafili amelipa ofisi ya wakala pesa nyingi kabla mfanyakazi hajafika, na anataka zirudi kwa njia ya kazi ya miaka miwili. Hapo ndipo dada anapoambiwa kwamba “amenunuliwa”, neno ambalo wanawake wengi waliorudi hulitaja wenyewe. Pasipoti inachukuliwa uwanjani au siku ya kwanza nyumbani, ingawa sheria za nchi nyingi hizo zinakataza. Na kafili asipoihuisha iqama kwa uzembe au kwa makusudi, anayekuwa mkosaji mbele ya polisi barabarani ni mfanyakazi.

Sasa dada huyu ametoka mlangoni. Kafili anapeleka taarifa kwamba ametoroka. Taarifa hiyo inaweza kufuta ukaazi wake, na kuanzia hapo anaweza kukamatwa, kuwekwa kizuizini na kufukuzwa, kisha kuzuiwa kurudi. Madai yake ya mshahara yanabaki palepale, na nani atayafuatilia akiwa Mwananyamala au Likoni? Wakenya walioko Saudia humwita aliyetoroka na kufanya vibarua vya siri “kemboi”. Anaweza kupata pesa zaidi kwa mwezi, anapanga chumba na wenzake, lakini akiugua anaogopa hospitali, na akidhulumiwa na tajiri mpya hana pa kwenda kushtaki. Angalia jambo hilo kwa makini: kuna watu wanaochagua kuishi bila karatasi kwa sababu karatasi waliyokuwa nayo iliwabana kuliko kutokuwa nayo. Nadharia yoyote ya uwanja huu isiyoweza kulieleza jambo hilo ina upungufu.

Shirika la Human Rights Watch lilipozungumza na wanawake 50 Watanzania waliokuwa wamefanya kazi Omani na Falme za Kiarabu, katika ripoti yake ya mwaka 2017, simulizi zilifanana mno: pasipoti kuchukuliwa, mshahara chini ya ulioahidiwa, saa za kazi zilizofika hata 21 kwa siku, vipigo, na kwa baadhi yao kunyanyaswa kingono. Kufanana huko ndiko kunakopaswa kumshtua msomi. Bosi mmoja mkatili ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Mabosi wasiojuana, katika miji na nchi tofauti, wakifanya mambo yaleyale, wanatuonyesha kwamba kuna kitu kinachowaruhusu wote.

Sosholojia ya mfumo huu ina kazi nzuri ambazo utakutana nazo mapema. Anh Nga Longva, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu Kuwait, alionyesha jinsi kafala inavyomgeuza raia wa kawaida kuwa mlinzi wa mpaka ndani ya nyumba yake mwenyewe: dola imegawa kazi ya kusimamia wageni kwa wananchi wake, na kila mmoja anamjibia mgeni wake. Rhacel Parreñas, aliyeandika mwaka 2021 juu ya wafanyakazi wa nyumbani Wafilipino katika Falme za Kiarabu, anatuzuia tusiwachore waajiri wote kwa mkaa mmoja. Aliwakuta waliowatendea wafanyakazi kama watu wa nyumbani, waliowapa mapumziko na zawadi za sikukuu, na waliowanyima chakula. Hoja yake ni kwamba sheria imeuacha utu wa mfanyakazi utegemee dhamiri ya mwajiri. Mimi naikubali hoja hiyo kabisa. Msomaji ambaye shangazi yake aliishi Dubai miaka kumi kwa raha na akajenga nyumba Mbagala asiione kuwa inapinga simulizi ya shangazi yake. Alipata bosi mwema. Haki isingepaswa kutegemea bahati hiyo.

Wengi huamini kwamba kafala imetoka moja kwa moja katika mila ya Kiarabu ya kumdhamini mgeni. Mwanahistoria Omar AlShehabi ametumia nyaraka za utawala wa Kiingereza katika Ghuba kuonyesha asili ya karibu zaidi: Bahrain ya mwanzoni mwa karne ya 20, ambako Waingereza, wakitaka kuwadhibiti wapiga mbizi wa lulu na vibarua wengine wa kutoka nje, walianza kumbebesha mwenyeji dhamana ya mgeni wake. Kama ni hivyo, basi tunazungumzia chombo cha utawala kilichotengenezwa na watu wanaojulikana, kwa malengo yanayojulikana, na kilichotengenezwa hivyo kinaweza kuvunjwa.

Nasi Afrika Mashariki tulikijua chombo cha ukoo huo. Kenya ya kikoloni ilitunga sheria ya uandikishaji wa Waafrika mwaka 1915 na kuanza kuitekeleza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanaume Mwafrika mtu mzima alitakiwa kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake, ikiwekwa ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Aliyetaka kuacha kazi alihitaji saini ya mzungu wake kwenye kipande. Bila saini hiyo hakuna aliyeruhusiwa kumwajiri, na polisi wangeweza kumrudisha alikotoroka. Harry Thuku na wenzake walikipinga waziwazi, na alikamatwa Machi 1922. Tanganyika nayo ilikuwa na kipande chake mashambani, kadi ya siku 30 za kazi iliyopaswa kujaa ndipo mtu alipwe, na ilikuwa na manamba, watu waliosombwa kwa mikataba kutoka Songea, Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Tofauti zipo. Mtu wa kipande alikuwa katika ardhi ya babu zake na dada wa Riyadh yuko ugenini. Lakini muundo ni ule: uhalali wa mtu kuwepo mahali umeshonwa kwenye saini ya anayemtumikisha. Naamini msomi wa Kiswahili anayeijua historia hii ana macho ambayo wenzetu wa vyuo vya Ulaya wanalazimika kuyatafuta.

Ukidhani kwamba haya ni mambo ya Ghuba peke yake, kesi ya Uingereza itakutoa katika dhana hiyo, nami huifundisha kila mwaka kwa sababu inakaribia kuwa jaribio la maabara. Hadi miaka ya 1990, matajiri, wengi wao kutoka Ghuba, walioingia Uingereza na wafanyakazi wao wa ndani waliwaingiza kwa utaratibu uliomfunga mfanyakazi kwa mwajiri huyohuyo. Akimwacha, hana ruhusa ya kuwepo. Wafanyakazi wenyewe walijikusanya, na shirika la Kalayaan, lililoanzishwa mwaka 1987, likapigania jambo moja mahsusi: haki ya kubadilisha mwajiri. Mwaka 1998 serikali ilikubali. Kuanzia hapo mfanyakazi wa ndani aliyeonewa aliweza kwenda kwa mwajiri mwingine, kuongeza muda wa viza yake, na hatimaye kuomba ukaazi wa kudumu.

Aprili 2012 serikali nyingine ikaiondoa haki hiyo. Viza mpya ilikuwa ya miezi sita, haiongezwi, na ilimfunga mtu kwa mwajiri aliyekuja naye. Kazi ilikuwa ileile, nyumba zilezile, mara nyingi waajiri walewale. Kilichobadilika ni karatasi. Kalayaan, waliokuwa wakiwapokea waliotoroka, walilinganisha taarifa za wenye viza ya zamani na wenye viza mpya, na wale wa viza mpya waliripoti zaidi vipigo, kufungiwa ndani na kutolipwa. Serikali ilimwagiza mwanasheria James Ewins kufanya uchunguzi huru, na mwishoni mwa 2015 alishauri haki ya kubadilisha mwajiri irudishwe, pamoja na ruhusa ya kuongeza viza hadi jumla ya miaka miwili na nusu.

Serikali ilichukua nusu ya ushauri. Tangu 2016 mfanyakazi anaweza kubadilisha mwajiri, ila ndani ya miezi ileile sita. Nusu aliyonyimwa ndiyo yenye somo kubwa, maana inatuonyesha kwamba muda wenyewe, hata bila kufungwa kwa mtu, unaweza kumbana mtu. Fikiria mfanyakazi aliyevumilia miezi minne kabla ya kuthubutu kuondoka. Amebakiwa na miwili. Nani atamwajiri kulea mtoto kwa wiki nane? Haki ya kuhama imeandikwa, lakini muda wa kuitumia haupo. Ewins aliliona hilo na kulisema, kwa hiyo hapakuwa na kisingizio cha kutojua.

Muda unafanya kazi kwa njia nyingine pia, na nadhani waandishi wengi wanaipitia haraka mno. Mtu anayekwenda kuchuma matunda kwa miezi sita amekopa nauli, ada ya wakala na gharama za viza, na amepiga hesabu ya kulipa deni kwa mshahara wa miezi yote sita. Akigombana na msimamizi mwezi wa pili akafukuzwa, deni linabaki na shamba la baba limewekwa rehani. Mahakama za kazi nazo zina mwendo wao. Shauri la mshahara linaweza kuchukua mwaka, na kibali cha shahidi muhimu kuliko wote kinaisha baada ya wiki sita. Kisha kuna tumaini la kuitwa tena. Katika mpango wa wafanyakazi wa msimu wa Kanada, ulioanza na Jamaika mwaka 1966 na kuendelea na Meksiko mwaka 1974, mkulima anaruhusiwa kumtaja kwa jina mfanyakazi anayetaka arudi msimu ujao. Wapo waliorudi shamba lilelile miaka zaidi ya 20, kila mwaka kwa miezi isiyozidi minane, kila mwaka wakiwa wageni wapya machoni pa sheria. Mtu wa namna hiyo halazimishwi kwa ngumi. Ananyamaza kwa sababu jina lake liko kwenye kalamu ya mwingine.

Akinyanyua sauti, historia inaonyesha kinachofuata. Cindy Hahamovitch, katika kitabu kikubwa cha 2011 juu ya wafanyakazi wa Jamaika nchini Marekani, anasimulia jinsi wakata miwa wa Florida walioacha kazi mwaka 1986 kwa kubishania malipo walivyozolewa kwa mamia, polisi na mbwa wakiwepo, wakarudishwa kwao hata bila mizigo yao. Mgomo wa raia huishia kwenye mazungumzo au hasara. Mgomo wa wale uliishia kwenye ndege.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na nyuma ya methali hiyo kuna wazo kwamba anayelima nasi anakuwa wa kwetu. Mipango ya wafanyakazi wa muda humpa mgeni jembe siku ya kwanza na kumzuia asiwe wa kwao milele. Haikulazimu iwe hivyo. Ujerumani Magharibi iliajiri Waitalia kuanzia 1955 na Waturuki kuanzia 1961 kwa wazo kwamba watazunguka, mmoja arudi mwingine aje. Waajiri walichoka kufundisha watu wapya kila mara, vyama vya wafanyakazi vilidai mshahara sawa, mahakama zikalinda familia, na uajiri ulipositishwa mwaka 1973 wengi wao walibaki. Waliteseka kwa ubaguzi, hilo halina shaka. Lakini kibali kilichoimarika kadiri miaka ilivyopita kiliwapa uwezo wa kumkatalia bosi. Kwa hiyo ukisoma kwamba uhamiaji wa muda “lazima” uzae unyonyaji, uliza kwanza njia ya kutoka kwenye umuda ilikuwa wazi au imefungwa.

Mahakama zimechelewa kuifikia hoja hii lakini zinaikaribia. Januari 2010 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilitoa hukumu dhidi ya Kupro na Urusi katika kesi ya binti wa Kirusi aliyefariki Limassol mwaka 2001 baada ya kuacha kazi katika kabare. Kupro ilikuwa na viza ya pekee kwa wasanii wa kabare, na wenye kabare walitakiwa kuijulisha serikali msanii akiondoka. Mwajiri wa binti huyo alimpeleka polisi mwenyewe, na polisi wakamkabidhi tena kwake. Mahakama ilisema kwamba utaratibu huo wa viza wenyewe ulikuwa sehemu ya ukiukaji wa haki. Mwanafunzi wa sheria aisome hukumu hiyo yote. Atakutana humo na ile taarifa ya kutoroka ya Saudia, ikiwa imevaa nguo za Ulaya.

Mwaka 2017 mahakama hiyohiyo iliamua kesi ya wachuma stroberi wa Kibangladeshi wa Manolada, Ugiriki. Hawa hawakuwa na vibali kabisa. Walikaa katika vibanda vya nailoni chini ya walinzi wenye bunduki, na walipodai mishahara yao Aprili 2013, walinzi waliwafyatulia risasi na kujeruhi wengi. Mahakama za Ugiriki zilisema hapakuwa na kazi ya shuruti kwa kuwa walikuwa huru kuondoka na walikubali kazi wenyewe. Mahakama ya Ulaya ilikataa: ridhaa ya mwanzo haihalalishi yote yanayofuata, hasa mwajiri anapotumia unyonge wa mtu ili amnyonye. Maelezo yake kwamba wangeondoka wangekamatwa na kufukuzwa, na kwamba kuondoka kulimaanisha kupoteza mishahara yote waliyodai, ni jibu la kimahakama kwa lile swali la mwanafunzi wetu.

Katika nadharia, utakutana na mabishano ambayo bado ni ya moto, na ni vema uyaingie ukiwa na msimamo. Klara Skrivankova alipendekeza mwaka 2010 kwamba kazi yenye staha na kazi ya shuruti zitazamwe kama ncha mbili za njia moja, na kwamba mtu husukumwa kidogo kidogo kutoka ncha moja kuelekea nyingine. Hannah Lewis na wenzake, waliowahoji wakimbizi na waomba hifadhi kaskazini mwa Uingereza, walionyesha kwamba hadhi tete ya uhamiaji na ajira tete hulishana mpaka mtu hana pa kushika. Bridget Anderson ametuonyesha kwamba kanuni za uhamiaji haziwachuji tu wafanyakazi mpakani, bali huwatengeneza wawe wa aina fulani: watiifu, wasio na haraka ya kuondoka, wanaoogopa simu ya bosi. Julia O'Connell Davidson anakwenda mbali zaidi na kuilaumu lugha yenyewe ya “utumwa mamboleo”, kwa kuwa inampa waziri nafasi ya kupiga vita wahalifu wa kubuniwa huku wizara yake ikitoa viza zinazofunga watu.

Msimamo wangu uko karibu na wa Anderson. Sikatai sheria za jinai. Anayembaka mfanyakazi wake anastahili jela. Lakini baada ya Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa watu, nchi nyingi zimetunga sheria kali za kuukomesha, na mwanamke aliyenyimwa mshahara wa miezi mitano mara nyingi hana kesi ya namna hiyo, wala haitaki. Anataka mshahara wake na kazi nyingine.

Ukitaka kupima mageuzi yoyote, shika maswali matatu: nani ameachwa nje, mwajiri amebaki na uwezo gani, na mfanyakazi anatakiwa kuthibitisha nini kwanza. Mageuzi ya Saudia ya Machi 2021 yaliruhusu wafanyakazi wengi wa sekta binafsi kuhama kazi na kusafiri bila idhini ya mwajiri. Waliachwa nje wafanyakazi wa nyumbani, yaani kundi walimo dada zetu wengi. Qatar ilifuta idhini ya kutoka na idhini ya kuhama kazi kati ya 2018 na 2020, wakiwemo wa nyumbani kwa sehemu kubwa, na hilo ni jambo la kweli lisilofaa kudharauliwa. Ila mwajiri alibaki na uwezo wa kupeleka taarifa ya kutoroka. Kanada ilianzisha mwaka 2019 kibali huru kwa mfanyakazi anayethibitisha kwamba anaonewa, na bado mwaka 2023 mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu utumwa, Tomoya Obokata, baada ya kuzuru nchi hiyo, alisema mipango yake ya wafanyakazi wa muda ni mahali panapozalisha utumwa wa kisasa. Sababu si ngumu kuiona: kumwambia mtu athibitishe mateso yake kwanza, kwa lugha ya kigeni, akiwa bado analala kwenye nyumba ya mwajiri, ni kumwomba aruke kabla ya kuonyeshwa atatua wapi.

Nchi zinazotuma watu nazo hujibu, mara nyingi kwa marufuku. Kenya na Uganda zimewahi kuwazuia wanawake wasiende kufanya kazi za nyumbani Ghuba kisha zikalegeza. Naielewa hasira ya mbunge anayepokea jeneza la msichana wa jimbo lake. Lakini marufuku huwatuma wasichana kupitia nchi ya jirani, bila mkataba uliosajiliwa na bila ubalozi kujua wako wapi, na wakala wa kichochoroni hupandisha bei.

Kazi iliyobaki ni kubwa na sehemu yake inamsubiri mtu anayejua Kiswahili. Vitabu nilivyovitaja viliandikwa na watu waliowasikiliza zaidi Wafilipino, Wahindi, Wasri Lanka na Wajamaika. Sauti za Mtwara, Pemba, Mombasa, Bujumbura na Goma ni chache katika maktaba hiyo, ilhali zimejaa katika simu za watu: ujumbe wa sauti uliotumwa usiku kwa mama, picha ya mkataba wa Kiarabu ambao aliyeutia saini hakuusoma, risiti ya wakala. Hizo ni nyaraka za historia. Tunahitaji pia utafiti juu ya mawakala wenyewe, ambao mara nyingi ni jirani au ndugu, na juu ya wageni tunaowafunga sisi: kijana wa Kirundi anayechunga ng'ombe Kigoma bila karatasi, msichana wa Kiganda anayefanya kazi za ndani Nairobi. Msomi anayeishutumu Riyadh na kunyamazia nyumba ya jirani yake hataaminiwa, wala hastahili kuaminiwa.

Ukianza, anza na mkataba mmoja na kanuni moja ya viza. Isome kwa kalamu mkononi, ukitafuta kifungu kinachosema nini kinatokea siku mfanyakazi anapomwacha mwajiri: anabaki na siku ngapi, anaweza kwenda kwa nani, na mshahara wake unadaiwa wapi. Kisha mtafute aliyeishi chini ya kanuni hiyo, umwombe ridhaa, umsikilize mpaka amalize. Usichapishe jina wala mtaa wa mtu ambaye bado yuko kazini huko, hata akikuruhusu, kwa sababu anayeweza kumfutia kibali anasoma pia.